Maji ya Uso wa Zaal

Ruweished, 11 Januari 1981

Binamu yangu Awda, fundi wa mafundi wa Zarka,

Nakupa salamu nzito, na ningeongeza, lakini basi linaondoka na dereva ananipigia honi kama mimi ni mjukuu wake. Mwache apige. Na mimi ninayo honi sasa.

Ndiyo, Awda, nimenunua lori. Lori la maji, lile la jeshi la zamani, la petroli, silinda sita, tanki mgongoni. Muuzaji alisema lina miaka kumi na minane, nikamwambia hilo ndilo rika zuri la kuolewa. Mimi unanijua, nimefika Dameski, nimefika Kuwaiti, Basra nimelala hotelini kwenye kitanda cha springi. Si mtu wa kushangilia vyuma. Lakini nilipoliingiza hapa nilipiga honi mpaka kondoo wa watu wakatawanyika. Sasa kila hema lenye kondoo nyikani litanisubiri mimi ndipo linywe.

Injini ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Ungeweza kuweka bilauri ya chai juu ya boneti na isimwagike. Ndipo akaja Zaal. Unamkumbuka, ndiye Abu Munif, jirani yangu, yule ambaye moshi wa hema lake na wa hema langu hujuana kwa majina. Akalizunguka lori, akaweka mkono juu ya boneti, akasema, "Ee Fandi! Hili si lori, hili ni farasi. Nyika nzima hii hakuna sauti kama hii." Nikangoja aseme mashallah. Akapiga chafya, akaenda zake kwa kondoo wake.

Kesho yake, Awda, injini inamisi. Inatetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Haina nguvu. Kwenye mlima inakohoa kupitia kabureta kama mzee wa tumbaku. Nami sijagusa kitu. Lilivyolala ndivyo lilivyoamka.

Basi nikafanya kazi ya mwanamume. Penye kahawa, mbele ya wazee wote, nilisimama na beseni. Nikasema, "Abu Munif, sina ubaya nawe. Lakini jicho halina adabu, humtoka mwenyewe bila kumwomba ruhusa. Nawa humu uso na mikono yako, maji yake ndiyo dawa ya jicho." Zaal akanitazama, akakunja mikono ya kanzu, akanawa. Maji yalimtiririka ndevuni, nami nikayakinga mpaka tone la mwisho. Watu walinisifu kwa ujasiri, na kwa adabu pia.

Nimeyamimina panapostahili. Nasubiri. Lakini mke wangu Shaha anasema jicho lina mganga wake na injini ina fundi wake, ndiyo maana nakuandikia. Niambie la kufanya.

Binamu yako mwenye lori,
Fandi

*

Zarka, 17 Januari 1981

Fandi,

Hongera ya lori. Mungu alibariki, na akupe akili ya kulitunza, maana akili haiuzwi pamoja na tairi.

Barua yako niliisoma gereji kwa sauti. Madereva wa basi la kwenu walikuwepo wakingoja breki zao. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Tupeni huyo Zaal," wakasema, "tumweke mpakani, azime vifaru." Nilicheka nao. Tuliyaacha hapohapo.

Sasa sikiliza. Injini haina macho, haimjui anayeitazama. Inataka vitu vitatu: petroli safi, pumzi ya kubana, na moto unaofika kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, inamisi. Tutavitafuta kimoja kimoja, na wewe utanisaidia kwa kunyamaza na kutazama, kazi ambayo hujawahi kuifanya.

Kwanza, fungua bomba la petroli chini, kinga kwenye chupa nyeupe, iache itulie, kisha uitazame. Pili, injini ikiwa inawaka, shika kitambaa kikavu na uchomoe waya wa plagi, mmoja baada ya mwingine, ukianzia upande wa feni. Ukichomoa waya na injini ikazidi kulegea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, rudisha. Ukichomoa na isibadilike kitu, hiyo ndiyo maiti. Niambie maiti ni ya ngapi, kisha fungua plagi zake unitumie kwa basi. Uso wa plagi hauongopi.

Na swali moja: kati ya siku uliyolinunua lori na siku lilipoanza kumisi, nani alifungua boneti?

Awda

*

Ruweished, 26 Januari 1981

Binamu,

Wewe ni muuaji. Waya wa kwanza ulinipiga teke mpaka nikaona nyota za mchana. Kitambaa kilikuwa kikavu, mimi ndiye niliyelowa jasho. Shaha alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamume aliyelala Basra," anasema, "anapigwa na kamba." Lakini nilizimaliza nyaya zote sita, kwa sababu Fandi hakimbii vita.

Maiti ni mbili: ya tatu na ya nne. Ukichomoa hizo, lori halijali. Plagi zake nimempa dereva.

Petroli niliikinga. Chini ya chupa kuna maji, kama kidole. Hilo lisikushughulishe. Nimemwaga yote nikatia mpya. Haikusaidia, bado inamisi.

Kuhusu boneti: nani athubutu kufungua boneti ya Fandi?

Sasa nikueleze jambo jingine, na usinijibu kwa kejeli. Wale madereva wako walileta kicheko chenu mpaka huku. Basi likisimama, abiria wanachungulia dirishani, wanauliza, "Yuko wapi yule wa jicho?" Na sasa ni wakati wa kuzaa kondoo. Akipita Zaal, watu wanawafunika wana-kondoo kwa magunia. Kisimani walimwambia, kwa upole, "Abu Munif, tungoje kidogo, wetu wanywe kwanza," na wakamwacha amesimama mpaka jua likaondoka kichwani. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kwa nguvu akamtegua mkono, na mkono huo nao akaandikiwa Zaal.

Anatembea akitazama viatu vyake, Awda. Mtu mwenye shingo ndefu kama ile. Nilimsalimia juzi, akaijibu ardhi.

Mimi sikusema hayo yote. Mimi nilisema la lori tu. Watu hawana kipimo.

Jibu haraka. Lori likipona, watasahau.

Fandi

*

Zarka, 2 Februari 1981

Fandi,

Niliposoma habari za madereva niliiweka barua chini nikaenda kuosha mikono, na mikono haikuwa michafu. Nilicheka mzaha wa watu wa gereji nikasahau kwamba basi lina magurudumu. Nimewaambia wanyamaze. Wamecheka tena.

Tuendelee na injini, hapo angalau najua ninachofanya.

Maji kwenye petroli: mwenye kukuuzia petroli ni mwizi. Nenda kamwambie mbele ya watu.

Tatu na nne ni majirani. Majirani wawili wakifa pamoja, fundi hufikiria gasketi ya hedi kwanza: imeungua kati yao, pumzi ya huyu inavuja kwa yule. Ikiwa ni hiyo, hedi lazima ifunguliwe, na usiiguse wewe, nitakuja. Lakini tuhakikishe. Fungua kifuniko cha rejeta injini inapowaka ingali baridi, tazama kama maji yanatoa mapovu. Kisha toa plagi zote, ziba tundu kwa kidole gumba, mtu azungushe hendeli. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, silinda inabana. Kikikaa kimya, gasketi imekwenda. Fanya kwa zote sita ulinganishe.

Plagi zako nimeziona, nazirudisha na basi hili. Zimelowa petroli, hazijaungua hata kidogo. Petroli inafika, basi, ila haiwaki. Na shingoni mwa moja kuna rangi ya bluu, mbichi, inanuka bado. Jeshi halina bluu. Nani alipaka?

Awda

*

Ruweished, 9 Februari 1981

Binamu,

Mwuza petroli mwache. Hana kosa.

Maji yale ni ya Zaal. Nilipokuambia nimeyamimina panapostahili, nilikuwa nimeyamimina kwenye tanki la petroli. Nilifikiri, dawa ya tumbo hunywewa, haipakwi. Usimsomee mtu barua hii.

Kidole gumba nilikiweka. Shaha ndiye aliyezungusha hendeli, maana wanaume wa hapa nimewaambia lori linapumzika tu. Zote sita zilinisukuma, ya tatu na ya nne sawa na nyingine, karibu kidole kirushwe nje. Rejeta haina povu hata moja. Basi gasketi nzima. Shaha anasema fundi wa Zarka naye hukosea kumbe, na anakusalimu.

Rangi ni rangi. Watu wote hupaka malori yao.

Zaal ameondoka.

Alianza kung'oa hema asubuhi, jua limeshatoka, mbele ya kila mtu. Unajua kwetu: jirani akihama, unakwenda kushika kamba zake, hata kama mligombana jana, hata kama alimwua mbwa wako. Hakwenda mtu. Yeye na binti yake Watfa peke yao waliikunja ile turubai ya manyoya, nayo ni kazi ya watu wanane. Ikamwangukia, akatoka chini yake na vumbi ndevuni, akaanza tena.

Mimi nilikuwa chini ya lori. Nilijilaza pale na spana mkononi kama mtu anayetafuta kitu, nikitazama miguu yake inavyokwenda na kurudi. Hakukuwa na cha kutafuta. Nililala hapo mpaka kamba ya mwisho ikang'olewa na mifugo yake ikapita. Alipita karibu. Viatu vyake vilisimama kidogo kando ya gurudumu, kisha vikaendelea.

Wanasema ameelekea Safawi, kwa watu wa mama yake. Mkewe amezikwa hapa, juu ya kilima cha mawe meusi.

Niambie la injini.

Fandi

*

Zarka, 14 Februari 1981

Fandi,

Petroli inafika, tumeona. Silinda zinabana, kidole chako kimeshuhudia. Gasketi nilikosea. Kimebaki kimoja: moto unafika, lakini kwa wakati usio wake.

Injini hiyo huwaka kwa zamu: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Fungua boneti. Weka kidole kwenye distribyuta, kile kinachogawa moto, pale unapotoka waya wa kwanza, ufuate mpaka kwenye plagi. Kisha wa pili wake, hivyohivyo, ukizunguka upande inakozunguka rota. Usitazame tu, fuata kwa kidole. Ikiwa waya wa tatu umekaa kwa wa nne na wa nne umekaa kwa wa tatu, kila silinda inapewa moto wakati mlango wake uko wazi, ndiyo maana inakohoa kupitia kabureta.

Nyaya hazihami zenyewe. Wala jicho halina vidole.

Nakuuliza mara ya mwisho habari ya rangi ya bluu. Usiponijibu, tafuta fundi mwingine.

Awda

*

Ruweished, 20 Februari 1981

Awda,

Ni hivyo ulivyosema. Wa tatu kwa wa nne, wa nne kwa wa tatu. Nilizibadilisha, nikawasha. Paka aliyeshiba. Niliweka bilauri juu ya boneti, haikumwagika. Nikaichukua bilauri nikaitupa kwenye mawe.

Haya, rangi. Zaal alipoondoka siku ile bila kusema mashallah, niliogopa. Mimi, wa Basra. Nikakumbuka bluu hukinga jicho. Nilikuwa na kopo la rangi ya mlango wa duka la shemeji. Jioni ileile nilichomoa nyaya zote nipate kupaka vizuri, nikaipaka injini bluu: kichwa, mbavu, distribyuta, kila kitu mpaka ncha ya brashi ilipofika. Zile namba ambazo askari fulani alikuwa amezikwaruza penye kila waya ili mjinga asipotee, nilizifunika pia, zikapendeza. Kisha nikazirudisha nyaya kwa macho. Shaha alikuwa amesimama pale na taa. Akasema, "Unalipaka lori wanja, unaliozesha?" Nikamwambia anyamaze, hii kazi ya ufundi.

Kesho yake likamisi. Niliona, Awda. Wallahi mahali fulani ndani yangu niliona. Lakini kati ya kusema "Fandi amekosea nyaya" na kusema "Zaal ana jicho", la pili lilikuja mdomoni lenyewe, tayari limevaa viatu.

Hofu ya jicho ndiyo iliyoharibu lori, na mwenye hofu nilikuwa mimi. Yeye alisifu tu. Alifurahi kwa ajili yangu.

Sijamwambia mtu. Lori linafanya kazi, watu wananipigia makofi, wanasema, "Unaona? Ameondoka yeye, limepona." Nilikunywa kahawa yao. Nifanye nini?

Fandi

*

Zarka, 24 Februari 1981

Fandi,

Unajua la kufanya. Unaniuliza ili barua ichelewe.

Ulisimama na beseni mbele ya watu. Simama tena mbele ya watu walewale.

Mimi nimeanza na wangu. Niliwakusanya madereva nikawaambia ni nyaya, na mpumbavu ni binamu yangu, na mpumbavu wa pili ni mimi niliyesoma barua. Mmoja alisema, "Lakini ile hadithi ya kwanza ilikuwa tamu zaidi." Nikamrudishia breki zake bila kuzimaliza, mpaka alipoomba radhi.

Awda

*

Safawi, 3 Machi 1981

Kwa Fandi,

Anayeandika ni Watfa, anayesema ni mimi.

Salamu zako kwa mdomo wa dereva nimezipata. Nimesikia pia kwamba ulisimama penye kahawa ukaeleza habari ya rangi na nyaya. Hilo lilihitaji moyo na silikatai.

Nimesikia vilevile walivyokujibu. Walisema, "Kumbe! Na nani aliyekupoteza mkono ukakosea nyaya, kama si jicho lake?" Nimeambiwa wote wakatikisa vichwa. Nimeambiwa wewe ukakaa.

Siku ile, Fandi, nilikuwa nataka kusema mashallah. Chafya ilikuja. Nilipomaliza kupiga chafya mbuzi wangu alikuwa ameingia kwenye shayiri ya watu, nikamkimbilia. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi. Ningeweza kusema nikiwa nakimbia.

Hapa wamenipokea vizuri. Mwenyeji wangu Mishref ni mtu mwema. Wamenipa mahali pa mwisho, kwenye mawe, wakasema pana upepo mzuri. Mimi najua upepo na najua kuwekwa pembeni.

Sitaki kondoo wako wa kuchinja, wala wazee wako wa kuombea radhi. Wakija nitawapa kahawa na watakunywa huku wameficha vitu vyao.

Nitakuambia neno moja kisha Watfa afunge barua. Kunawa uso kulikuwa rahisi. Kigumu ni kwamba sasa mimi mwenyewe, mwana-kondoo akizaliwa, naangalia pembeni. Kama ni kweli, je?

Zaal

*

Safawi, 16 Machi 1981

Binamu yangu Awda,

Tazama juu ya barua. Ndiyo, Safawi. Nimehama.

Barua ya Zaal niliisoma nikaisoma tena, kisha nikamwambia Shaha, "Kunja hema." Akasema, "Nilikuwa nangoja tu useme." Tulipakia hema juu ya tanki, kondoo nyuma kwa miguu, na Ruweished nzima walitoka kutazama. Mmoja akapiga kelele, "Fandi, unakwenda kuishi mdomoni mwa fisi?" Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini kwa mara ya kwanza maishani nikaliacha.

Nikapiga hema langu penye mawe, mlango kwa mlango na Zaal. Nikawafunga kondoo wangu wenye watoto hapo katikati, ili kila akitoka asubuhi awaone wao kwanza. Zaal alitoka, akaona, akageuza uso. "Umekosa mahali?" akaniuliza. Nikasema, "Nasikia hapa kuna upepo mzuri." Akarudi ndani. Hivyo tu, siku kadhaa. Nilipeleka maji kwa kambi yote, alipokea yake, akaliambia gurudumu ahsante.

Kisha baridi ikarudi. Asubuhi moja nikamkuta mwana-kondoo mmoja amekufa, mmoja wa mapacha, mweupe mwenye doa shavuni.

Nitakueleza nilichofanya na unitukane ukitaka. Nilimfunga ndani ya koti langu, nikapita nyuma ya lori, nikamfukia kwenye mawe mbali, nikarudi nikipiga mluzi. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya Zaal. Wakijua amekufa mbele ya mlango wake, watamfukuza na hapa. Nilijiona mtu mkubwa, Awda. Nilijisifu njia nzima.

Zaal alikuwa amekaa mlangoni kwake niliporudi. Nilidhani hawatazami kondoo wangu. Kumbe alikuwa anawajua wote. Akasema, bila kuinua kichwa, "Yuko wapi mwenye doa?"

Nikasema, "Nimempa mgeni."

"Mgeni gani hula mwana-kondoo asiyemaliza mwezi?"

Nikaanza kupangusa udongo kwenye koti. Akasema, taratibu tu, "Umemfukia kama mwizi. Basi na wewe bado unaniogopa, Fandi. Umekuja mpaka hapa na bado unaniogopa."

Ningependa kukuambia nilikana. Nilitafuta ndani yangu cha kukanushia, sikukipata. Nilipomwona yule mwana-kondoo amelala baridi, kabla ya jambo lolote, kabla ya huruma, jambo la kwanza lililonipita kichwani lilikuwa: ni yeye. Mimi, niliyeziweka zile nyaya kwa mikono hii.

Nikarudi kwenye mawe. Nikamfukua. Nikampeleka mkononi mpaka kwenye hema la Mishref, wanaume wote wa kambi wapo, kahawa inazunguka, na Zaal amekuja nyuma yangu bila mimi kumwita. Nikamlaza juu ya zulia, hapo mbele ya madele ya kahawa. Mtu akasema, "Lahaula, Fandi, tunakunywa!"

Nikasema, "Huyu ni wangu. Amekufa mbele ya mlango wa Zaal. Nimemfukia ili msijue, kwa sababu mimi ni mwoga, na nilikuwa mwoga Ruweished, na lori langu liliharibika kwa mkono wangu na woga wangu. Leo sikai chini. Mwenye neno aniambie mimi."

Kisha Mishref, yule mwenyeji, mzee mzito mwenye sauti ya punda, akaanza kukuna magoti. "Wangu wamekufa wawili tangu baridi irudi," akasema. "Nimewafukia. Niliogopa mkijua mtamsema mgeni wangu." Na mwingine, kutoka pembeni, "Mimi mmoja. Niko ng'ambo ya bonde kabisa, Zaal hajapita kwangu tangu aje." Na mwingine. Awda, kambi nzima walikuwa wanazika wana-kondoo kwa siri, kila mtu kwenye mawe yake, na kukutana penye kahawa wakisema wazima, wazima.

Hakuna aliyecheka. Wazee walitazama zulia.

Zaal ndiye aliyesogea. Akapiga magoti, akamchukua yule mwana-kondoo, akamfungua mdomo, akaingiza kidole, akamminya tumbo. "Huyu hakuuawa na baridi wala na mtu," akasema. "Ana njaa. Tumbo ni kama mfuko mtupu. Mama yake amevimba chuchu ya kushoto, upande mmoja hautoi. Pacha wake ndiye anayeshika wa kulia, nao haumtoshi." Akanitazama mimi, Awda, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu beseni. "Unajua kondoo kama unavyojua injini, wewe. Mlete yule mwingine hapa kabla hajakufa naye, na maziwa ya moto, na kitambaa. Kimbia, mwanamume wa Basra!"

Nikakimbia. Nilimleta. Zaal akamkumbatia magotini, akachovya kitambaa kwenye maziwa, akamnyonyesha tone kwa tone, mbele ya wanaume wote. Alimtazama muda mrefu, macho wazi, bila kupepesa, bila kusema hata mashallah ya kumkinga.

Wote walitazama. Mimi ndiye niliyeshindwa kutazama. Nilikwenda kusimama nje kwenye upepo mpaka akamaliza.

Binamu yako,
Fandi